Umebaki na Q na U hakuna: vimaneno vya Kiingereza vya kukuokoa kwenye Scrabble

Kama unacheza Scrabble ya Kiingereza, ule mchezo wa kupanga herufi ubaoni kuunda maneno, hii hali unaijua, mfuko wa herufi umeisha, U zote nne zishatumika, na we umekaa na Q mkononi unaitazama tu, maana kwa Kiingereza Q karibu kila mara inafuatwa na U. Mwenzio akimaliza kwanza unakatwa pointi zake 10, na yeye anaongezewa. Wengi wanadhani dawa yake ni kujua Kiingereza kirefu cha kitabuni, wapi, dawa ni vimaneno vya herufi mbili tatu ambavyo hata Mwingereza wa mtaani hajawahi kuvitamka. Wellington Jighere wa Nigeria alipochukua ubingwa wa dunia 2015 kule Perth, Australia, Mwafrika wa kwanza kuuchukua, watu walianza kuongelea jinsi Wanaijeria wanavyopenda maneno mafupi badala ya kukimbilia marefu kila mara.

Maneno ya hapa chini nimeyatoa kwenye orodha ya maneno ya kamusi ya Collins, ile inayotumika kwenye mashindano karibu kote nje ya Marekani na Kanada.

Anza na QI, hili ukilijua peke yake tayari umeshapona. Ni ile nguvu ya uhai wanayoiamini Wachina kwenye tiba yao. Sasa angalia ujanja wake, ukipata nafasi ya kuweka Q kwenye kiboksi cha ubaoni kinachozidisha pointi za herufi mara tatu, halafu I iwe kuliani kwake na I nyingine chini yake, unapata QI mara mbili, 31 na 31, jumla 62 kwa vimaneno vya herufi mbili! Mtu anaweza akaweka neno la herufi saba nane na asifike hapo. Ila usije ukaweka IQ, hiyo ni kifupisho na haikubaliki.

Maneno mengine ya Q bila U mengi yametoka Kiarabu, na hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wengi hatuitumii, kwa sababu nusu ya hayo maneno unayo tayari ila yamevaa tahajia nyingine. QADI ni kadhi. TALAQ ni talaka. FAQIR ni fakiri, NIQAB ni nikabu, QIBLA ni kibla, na SUQ ni soko la Kiarabu. QAT ndo miraa yenyewe, mirungi kwa Watanzania, na inaandikwa pia KAT au KHAT, kwa hiyo hata ukiwa na K badala ya Q bado unayo. Yasiyo ya kwetu hapo ni machache tu, TRANQ ni dawa ya kutuliza mtu, QANAT ni mfereji wa maji wa chini ya ardhi kama ile ya Iran, na QOPH ni herufi ya Kiebrania.

Z nayo ni pointi 10. ZA ni pizza, vijana wa Marekani wameikata hivyo, na kwa msemaji wa Kiswahili inachekesha lakini pointi ni pointi. ZO ni mnyama wa Himalaya aliyechanganywa yaki na ng'ombe, na unaweza kumwandika DZO au ZHO pia. FEZ ni tarbushi, ile kofia nyekundu yenye kishada. ADZE ni tezo, lile la mafundi wa majahazi. ZEK ni mfungwa wa kambi za Urusi ya Kisovieti, na ZAX ni kifaa cha kukatia vigae vya mawe vya kuezekea, hili ukiliweka jiandae kubishiwa.

X ni 8 lakini mimi naipenda kuliko zote kwa sababu inaungana kirahisi na herufi nyingine: AX shoka, EX mpenzi wa zamani, OX maksai, XI herufi ya Kigiriki, XU senti ya Vietnam. Kwa J kumbuka JO, mpenzi kwa Kiskoti, halafu HAJ, HAJJ na HAJI ambazo hazihitaji maelezo, na TAJ ni kofia ndefu ya darweshi.

Ukikosa irabu kabisa kuna SH, HM, BRR, PSST, na ya Wales mawili, CWM ni bonde la mlimani lenye umbo la bakuli na CRWTH ni chombo cha muziki cha nyuzi. Ukijaa irabu tupu, AA ni mawe ya volkano yenye makwaruzo ya Hawaii, AI ni yule mnyama mvivu wa Amerika Kusini mwenye kucha tatu, OE ni kimbunga cha visiwa vya Faroe. Herufi V haina neno la herufi mbili hata moja, na C ina CH tu, kwa hiyo ukitaka kumbana mwenzio weka V pale anapotaka kujishikiza.

Alafu kuna ya nyumbani kabisa, UGALI, DUKA, SHAMBA, PANGA, MATATU, BWANA yote yanakubalika. MZEE inakupa 15 kabla ya vibokisi vya kuzidisha na MZUNGU 18, ila wingi ni wa Kizungu, MZEES, usiulize.

Kukariri, usianze A mpaka Z utachoka. Chukua herufi moja kwa wiki, andika kwenye simu neno na maana yake kwa Kiswahili. Mchezo hauulizi maana, Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa 2015 na Kifaransa haongei, alikariri tu maneno, lakini sisi wengine bila maana neno linatoka kichwani kesho yake.

Na kabla hamjagawana herufi kubalianeni mnatumia orodha ipi, maana ya Marekani haina CH wala MZEE, na mkubaliane anayebisha neno halali adhabu yake ni pointi ngapi, mashindano mengi ni 5.