SOMO: Jinsi ya kufuatilia historia ya jumba la sinema la zamani mjini kwenu

Wakuu habari zenu. Juzi kuna mdau aliuliza, kwao kuna jengo wazee wanasema lilikuwa sinema, sasa hivi ni godauni, aanzie wapi kulijua. Nimeona nijibu kwa urefu ili na wengine mfaidike, maana hii kazi nimeifanya miaka kadhaa, Unguja na Dar zaidi, na naipenda toka moyoni. Haya majumba ndiyo wazazi wetu walikuwa wanavalia nguo za kutokea Jumapili, wanapanga foleni, tiketi zikiisha wananunua kwa walanguzi, na leo mengi hayana hata kibao.

Kabla hujatoka nyumbani shika hili: JINA SIO JENGO. Majestic ilikuwepo Unguja, Tanga na Mombasa. Empire ilikuwepo Dar na Unguja. Cameo ilikuwepo Dar na Nairobi. Halafu jengo moja linabadilisha majina, Cameo ya Nairobi ilianza ikiitwa Theatre Royal, na Majestic ya Vuga, Unguja, ilifunguliwa 1921 kwa jina la Royal, mwenyewe Hassanali Jariwalla, ramani kaichora Sinclair, yule yule wa makumbusho ya Beit el Amani. Ile Royal ikaungua mwanzoni mwa miaka ya 50, wakajenga upya kwa mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania, ikafunguliwa 1955 na sura nyingine kabisa. Kwahiyo ukipata picha ya Royal usiitupe eti haifanani na Majestic, kiwanja ni kile kile, jengo ndio lingine. Kwenye daftari andika kila mara jina, mji na mtaa pamoja.

HATUA YA 1: Wazee, na waulizwe vizuri
Usimuulize mzee "ilifunguliwa mwaka gani", atakutajia mwaka wowote ili akuridhishe. Muulize ulikaa chini au balkoni, tiketi ilikuwa bei gani, uliona picha (filamu) gani, stelingi nani, ulikuwa umeshaoa au bado. Picha ndio kalenda yenu. Akikwambia Awara ujue sio kabla ya 1951, Mother India sio kabla ya 1957, Sholay sio kabla ya 1975. Ila hapo umepata mwanzo tu, mwisho hujapata, kwasababu picha zikipendwa zilikuwa zinarudishwa miaka na miaka.

Watafute hasa waliofanya kazi ndani: wakata tiketi, wachora mabango, waendesha mashine. Mzee mmoja aliyekuwa chumba cha projekta alinionyesha kwa vidole viwili jinsi walivyokuwa wanasogeza vijiti vya kaboni, vinaungua vinafupika, ukichelewa kuvisogeza mwanga unafifia na ukumbi mzima unapiga kelele. Hapo hapo akanipa na jambo ambalo sikulijua, kwamba picha moja ilikuwa inaonyeshwa sinema mbili usiku mmoja, rili (gurudumu la filamu) ya kwanza ikiisha huku kijana anapanda baiskeli anaikimbiza kule. Sikumuuliza, nilikaa tu nikamwachia muda, na nyie msiwe na haraka.

HATUA YA 2: Ingia ndani ya jengo
Hata likigeuzwa vipi sinema haifichiki. Angalia juu ukuta wa nyuma, kuna vitundu vidogo vya mraba vilivyozibwa, hapo mwanga wa projekta ulikuwa unapita. Kuta za pembeni hazina madirisha au yamezibwa. Milango ya pembeni ni mipana na inafungukia nje ili watu watoke haraka moto ukitokea. Mbele tafuta kidirisha cha tiketi chenye nondo.
Na sakafu! Kuna duka la vyombo niliingia, mwenyewe anabisha kabisa kwamba pale hapakuwahi kuwa sinema. Nikamwomba mwanae golori, nikaiweka mlangoni, ikaviringika yenyewe taratibu kupita kwenye masufuria mpaka ukuta wa mbali ilipokuwa skrini. Ndio maana rafu zake zote zilikuwa zimewekewa vipande vya mbao upande mmoja, miaka yote alidhani fundi aliharibu.

HATUA YA 3: Majina ya mitaa
Hii fupi ila imewapoteza wengi. Samora Avenue ya Dar iliitwa Independence, na kabla ya hapo Acacia. Nairobi Kenyatta Avenue ilikuwa Delamere, Moi Avenue ilikuwa Government Road, wakati Moi Avenue ya Mombasa ilikuwa Kilindini Road. Tafuta ramani ya zamani kwanza ndio usome magazeti.

HATUA YA 4: Magazeti
Hapa ndio penye mali. Sinema zilikuwa zinatangaza karibu kila siku: jina la picha, saa, wakati mwingine na bei. Dar anza na Tanganyika Standard, lilianza 1930, halafu Ngurumo kwa miaka ya 60. Mombasa kuna Mombasa Times, Nairobi East African Standard. Unguja usiache Samachar, sehemu kubwa ni Kigujarati kwahiyo mtafute mzee wa Kihindi akusomee, wengi wanafurahi sana ukiwaomba. Utayakuta nyaraka za taifa, na kwa Dar maktaba ya chuo kikuu kile kitengo cha East Africana.

Usisome yote, utachoka uache. Chukua wiki ya kwanza ya mwezi mmoja, tuseme Juni, kila mwaka. Tangazo halipo 1937, lipo 1938, basi rudi sasa usome kati ya hapo mpaka upate siku ya ufunguzi. Matangazo yakikatika miezi mingi halafu yakarudi kuna jambo limetokea, moto, ukarabati au kuuzwa.

HATUA YA 5: Makaratasi ya umiliki
Unguja majumba yalitaifishwa baada ya mapinduzi ya 1964. Bara sheria ya 1971 ilichukua majengo mengi ya kupangisha yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na 1990 mali za Msajili zikahamia Shirika la Nyumba. Kwahiyo mwenye jengo wa leo na aliyelijenga ni watu tofauti, fuata faili zote mbili.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Tanga: Mkuu babu yangu alikata tiketi Majestic. Nimepata tangazo la Majestic kwenye Mombasa Times la 1956, ndio hiyo hiyo?
Jibu: Hapana ndugu, karibu hakika hiyo ni ya Mombasa, gazeti lilikuwa linatangaza za mjini kwao. Tafuta tangazo lenye neno Tanga. Na babu kama yupo mrekodi wiki hii hii.

Dada wa Mombasa: Naona mnazungumza wanaume tu, bibi zetu hawakwenda?
Jibu: Walikwenda sana dada yangu na asante kwa kunikumbusha. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake watupu, wakiyaita zanana, tena ukumbi unajaa. Waulize kina bibi wenyewe, ila aulize mwanamke, mimi nimejaribu wakanijibu kwa ufupi, mke wangu alipokaa nao wakamwimbia na nyimbo za picha.

Mdau wa Kampala: Huku sinema ya Norman imekuwa kanisa, Watoto Church. Naruhusiwa kupiga picha ndani?
Jibu: Omba ofisini kwao siku ambayo hakuna ibada. Kanisa ni bahati kwako, wakati wa ibada watu bado wanakaa safu wakiangalia mbele.

Mdau wa Dar: Kama jengo limevunjwa kabisa? Mimi natafuta ya drive-in Msasani, ile ya kutazama picha ukiwa na gari lako.
Jibu: Pale kwa sasa ni ubalozi wa Marekani, kwahiyo usiende na kamera kabisa. Tumia matangazo ya gazeti, picha za ndege za zamani za idara ya ramani, na albamu za familia. Familia nyingi zilipiga picha zimekaa juu ya boneti kabla giza halijaingia. Ukiikuta moja angalia nyuma ya watu, skrini inaonekana.