Risasi ya kuwindia mnyama mkubwa: anza na muundo, uzito baadaye

Ukishapata leseni ya kuwinda huko ughaibuni, swali la kwanza dukani huwa "nichukue ya uzito gani?" Ni swali la haki, ila limetangulia mahali pasipo pake. Risasi mbili za uzito mmoja, zikifyatuliwa kwa bunduki ileile, zinaweza kufanya mambo tofauti kabisa: moja ikasambaratika kwenye bega la mnyama, nyingine ikapita mapafu yote mawili na kutokea upande wa pili.

Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa akiwinda muusi, yule mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu, huko British Columbia, Kanada. Risasi zake zilikwenda kasi sana, zikapasuka juujuu kwenye ngozi iliyoganda tope. Kutokana na hilo alibuni risasi yenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele ichanue, yaani ipanuke kama uyoga, ya nyuma ibaki nzima na kuendelea kupenya. Uzito haukuwa tatizo lake.

Risasi ya kawaida ina kiini laini cha madini ya risasi ndani ya ganda jembamba la shaba. Huchanua upesi, na kwa kulungu wa wastani inatosha. Mashaka huanza mnyama mzito anapotokea karibu, mita 30 tu, wakati kasi bado ni kubwa na mfupa wa bega uko mbele. Hapo ni afadhali ile ambayo kiini chake kimeshikamanishwa na ganda, au ya shaba tupu. Ya shaba tupu hubaki na karibu uzito wake wote na hupenya mno, lakini ikifika imechoka inaweza kupita bila kuchanua. Watengenezaji hutaja kasi ya chini inayohitajika. Itafute kabla ya kuota mlengo wa mbali. Zile zilizofunikwa metali mwili mzima, zisizochanua, waachie walenga shabaha. Nchi nyingi zinazikataza kwa wanyama hawa.

Sasa uzito. Maboksi ya Marekani husema greni, sheria za nchi kadhaa za Ulaya husema gramu, na gramu 1 ni greni 15.43. Kwa hiyo greni 150 ni gramu 9.7, na greni 180 ni gramu 11.7. Tofauti hiyo si ya kupuuza. Uswidi, kwa mfano, risasi ya muusi yenye gramu 9 hadi 10 lazima iwe na nguvu ya jouli 2,700 ikifika mita 100. Ikifika gramu 10 au zaidi, jouli 2,000 zinatosha. Ndiyo maana bunduki ya 6.5×55, yaani ya risasi zenye kipenyo cha karibu milimita 6.5, ikitumia risasi ndefu ya greni 156, gramu 10.1, inaruhusiwa hata kama mtutu wake ni mwembamba na mwendo wake wa upole. Risasi nzito kwa kipenyo chake hupenya vizuri, na bega lako halipigwi teke.

Ukihamia shaba, shuka ngazi moja ya uzito. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kwa uzito uleule risasi huwa ndefu zaidi, na mifereji ya ndani ya mtutu wako huenda isiizungushe vya kutosha kuituliza hewani. Aliyezoea greni 180 ajaribu 165, ambayo bado inavuka gramu 10.

Pengine hutakuwa na hiari. Denmark imepiga marufuku madini ya risasi kwenye risasi za bunduki za kuwindia tangu Aprili 2024, na California kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Hata pasipo marufuku, mwenye watoto wadogo au mke mjamzito nyumbani angefikiria shaba kwa sababu ya nyama: chembe za madini ya risasi husambaa mbali na jeraha, nyingine ndogo zisizoonekana kwa macho. Ukibaki na zile za madini ya risasi, kata nyama ya kuzunguka jeraha kwa ukarimu na uitupe.

Ukibadilisha aina, usidhani darubini ya bunduki bado italenga palepale. Safisha mtutu, nenda uwanja wa shabaha, kisha nunua maboksi ya kutosha msimu mzima yenye namba ileile ya toleo.