Kabla dhoruba haijafika: kwa mliohamia Maine, Marekani, mwaka huu

Ukisikia utabiri unataja dhoruba ya kaskazini-mashariki (nor'easter), usidhani ni kaskazi ya kwetu. Huku ni theluji, upepo wa kuangusha miti na bahari kupanda, vyote kwa mkupuo.

Maji, chakula kisichohitaji kupikwa, dawa, tochi, betri: nunua mapema, maana siku ya mwisho rafu ni tupu. Chaji simu. Jaza mafuta, kisha litoe gari barabarani, wazoa theluji wa mji wasije wakaliburuta. Kulikomboa ni ghali. Beleshi la theluji likae ndani ya nyumba.

Anayeishi karibu na maji aangalie saa za kujaa, hasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Januari 13, 2024, bahari ya Portland ilifika futi 14.57, ikavunja rekodi ya 1978, na vibanda vya kale vya wavuvi pale South Portland vikasombwa.

Sasa mkaa. Umeme ukikatika, hata hita ya mafuta huzima, kwani pampu na feni zake ni za umeme. Baridi ikiuma, mtu anakumbuka jiko. Jirani zetu wa chini, watu wa Uvira, Kongo, waliliwasha ndani kama walivyozoea. Mama hakuona ubaya: mkaa umekolea, moshi hakuna. Lakini nyumba ya Uvira hupumua. Ya huku imezibwa kila ufa. Watoto wakalalamika kichwa, mdogo akatapika, wakadhani ni mafua. Aliyewaokoa ni ndugu aliyekuja kuazima beleshi. Akamkuta baba hawezi kusimama, akawatoa wote nje, akapiga 911, namba ya dharura. Walilazwa, wakapona. Gesi hiyo, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, kwa hiyo usijidanganye kwamba utaisikia.

Jiko la mkaa haliingii ndani, basi. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka madirishani. Na gari pia: Februari 2013, Boston, mvulana alifia ndani ya gari alimoingia kuota joto huku baba yake akizoa theluji, bomba la moshi lilikuwa limezibwa na theluji. Safisha bomba kwanza, ndipo uwashe. Jaribu king'ora cha gesi hiyo leo. Kama hakipo, mdai mwenye nyumba, sheria iko upande wako.

Mengine mnayajua. Waya ulioanguka upite mbali. Mawimbi usiende kuyapiga picha. Wenye presha, mkizoa theluji mpumzike mara kwa mara, na ngazi mzimwagie chumvi kabla hazijaganda.