Somo: Jeni ya rejea isikudanganye kwenye udongo wenye shaba

Mwaka jana nilikuza magimbi kwenye udongo wa kando ya mto Nyamwamba, Kasese, unaopita machimbo ya zamani ya shaba ya Kilembe. Kwenye qPCR (kipimo cha jeni inavyofanya kazi kwa wingi gani) niliegemea aktini peke yake kama jeni ya rejea, yaani ile inayodhaniwa haibadiliki na nyingine hulinganishwa nayo, kwa sababu praima zake (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala) ndizo zilizokuwamo kwenye friza. RNA niliweka sawa kote, lakini aktini ya majani ya udongo safi ikasoma Ct 19 (mzunguko ambapo ishara huonekana; ikichelewa, jeni ni kidogo), ya udongo wa shaba 22. Kila mzunguko ni mara mbili, kwa hiyo mizunguko 3 ni mara 8. Jeni niliyoichunguza, ya metalothionini (protini inayoshika metali), ikaonekana imepanda mara 8, kumbe aktini ndiyo iliyoshuka. Miezi minne ikaenda na maji.

Sasa nafanya hivi.

Kwanza, nachagua jeni 6 hadi 10 zenye kazi tofauti: aktini, tubulini, GAPDH, EF1-alfa, ubikuitini, PP2A. Tofauti nasisitiza. geNorm, programu ya kupanga jeni za rejea kwa uthabiti, hutafuta jeni zinazokwenda pamoja, hivyo mbili zinazopanda na kushuka kwa amri moja itazipa cheo cha juu. Ni mashahidi wa nyumba moja hao.

Pili, nazipima kwenye sampuli zote: safi na chafu, mizizi na majani, siku zote za jaribio. Magimbi yana ute unaosumbua RNA, usiharakishe kuosha. A260/280, kipimo cha usafi wa RNA, iwe karibu 2.0.

Tatu, ufanisi wa praima uwe asilimia 90 hadi 110.

Nne, geNorm: M (kiasi cha kuyumba kwa jeni) chini ya 0.5 ni nzuri, juu ya 1.5 tupa. V2/3 (tofauti inayoletwa na kuongeza jeni ya tatu) ikiwa chini ya 0.15, jeni mbili zinatosha. Hakikisha pia kwa programu nyingine, NormFinder.

Maswali

— Mwalimu, 18S yangu (RNA ya ribosomu) haitikisiki kabisa. Kuna ubaya?
Ni nyingi mno, Ct yake hutoka mapema kupita kiasi. Tena haina mkia wa poli-A. Kama cDNA (nakala ya DNA kutoka RNA) umetengeneza kwa oligo-dT, inayoshika mkia huo, unapima bahati.

— Kaka, PP2A imesifiwa sana kwenye Arabidopsis. Niitumie kwa mafunjo ya kinamasi cha Nakivubo, Kampala?
Iingize kwenye kinyang'anyiro, dada, isipite bila kupingwa. Na praima za Arabidopsis huenda zisishike kabisa kwenye mafunjo.

— Hela ya praima za jeni kumi sina.
Anza na sita, agiza pamoja na wenzako. Ila sampuli za udongo mchafu usipunguze hata moja.