Mashine ya boti inazima zima baharini? Angalia chini ya tenki kwanza kabla hujanunua plagi

Wavuvi wenzangu wa Mtwara na Lindi, hasa nyie wenye boti za faiba na mashine za kabureta, kila nikishuka pwani siku hizi namkuta mtu kafungua kava anabadilisha plagi, ya tatu ya nne hiyo, na mashine bado inawaka dakika mbili inazima. Mara nyingi plagi haina kosa. Ni maji kwenye petroli, na kama petroli yenyewe imechanganywa na ethano, yani spiriti ile inayotokana na miwa au mahindi, basi maji yanaingia hata mvua isiponyesha.

Iko hivi. Petroli tupu haipatani na maji, yakiingia yanazama yanatulia chini. Ethano yenyewe inayavuta maji kutoka kwenye hewa, na hewa ya pwani mnaijua, chumvi ukiiacha wazi usiku asubuhi unaikuta imelowa. Marekani petroli ya kawaida ina ethano mpaka asilimia 10, Uingereza nao wakahamia hiyo mwaka 2021, jirani zetu Malawi walianza kuchanganya toka 1982. Kwa hiyo ukinunua mashine ya mtumba iliyotoka nje ujue hozi zake na kabureta yake vinaweza kuwa vimeshaonja ethano miaka kadhaa.

Mwanzoni ethano inayashika yale maji, yanayeyuka humo humo huoni kitu. Ila yakifika kama nusu asilimia hivi, ambayo kwenye dumu la lita 20 ni kama mililita 100, nusu kikombe cha chai tu, ethano na maji vinaachana na petroli vinashuka chini kwa pamoja. Na ule mrija wa kunyonya mafuta kwenye tenki uko wapi? Chini. Kwa mashine ya kuchanganya oili hapo ndo hatari yenyewe, maana oili inabaki juu na petroli, mashine inanyonya maji na spiriti ambavyo havina oili, pistoni inakwaruzika mpaka inagoma kabisa.

Mi mwenyewe mwezi wa sita, kusi limeshika, tulitoka Msanga Mkuu na mtoto wa dada yangu tunaelekea Msimbati. Tulipotoka nje ya ghuba mashine ikaanza kukohoa, ukikamua kile kipampu cha mpira kwenye hozi inapona kidogo alafu inazima tena. Nikashika spana ya plagi, dogo akaniambia mjomba plagi tumeweka juzi, hebu fungua kabureta. Nikalegeza ile skrubu ya chini ya kabureta nikakinga na chupa ya soda, nikaiinua juani. Vitone vimekaa chini kama punje za mtama, ukiinamisha chupa vinateleza vinakimbizana havichanganyiki na petroli. Lile dumu nilinunua barabarani, nikalimimina kwenye tenki bila kuangalia. Tulikamua kabureta mara tatu, tukahamisha hozi kwenye kidumu cha akiba, tukarudi taratibu.

Toka siku ile kila dumu nalipima. Liache litulie robo saa, ingiza mpira mwembamba mpaka chini kabisa, vuta kwa pampu ya mkono, usinyonye kwa mdomo, kinga kwenye chupa nyeupe ya kioo. Ukiona vitone au mstari chini, ni maji. Ukiona chini kuna ukungu ukungu kama maji ya mchele, shuku ethano.

Kujua kama kuna ethano, chukua chupa ndefu nyembamba, weka maji mililita 50, piga alama kwa kalamu ya wino mzito, ongeza petroli ambayo hujaitia oili mililita 450, funga, tikisa, fungua kidogo mvuke utoke, usiuvute, acha itulie. Fanya nje, mbali na jiko na sigara. Maji yakibaki pale pale kwenye alama, hakuna ethano. Yakipanda mpaka karibu mara mbili, basi unayo kama asilimia 10.

Sasa dawa yake. Kama ni maji matupu kwenye petroli tupu, acha itulie usiku mzima, hamisha ya juu taratibu, bakisha lita mbili tatu za chini. Kama ethano imeshaachana usihangaike kutikisa wala kutia dawa ya chupa, hairudiani, na hata ile ya juu imeshapungua nguvu. Toa yote. Usimwage baharini, na usimuuzie dogo wa bodaboda maana naye itamkwamisha. Kausha tenki, safisha kabureta, weka filta mpya.

Filta nunua ile inayotenganisha maji, yenye kikombe cha kioo chini, ifunge kati ya tenki na mashine uwe unaona kilichomo kabla ya kutoka. Kuchuja kwa kitambaa cha khanga kunazuia mchanga tu, maji yanapita. Na vinasaba, yani alama za kemikali ambazo serikali ilianza kuweka kwenye mafuta mwaka 2010, vinasaidia kukamata wachakachuaji, havizuii maji kuingia kwenye dumu lako lililolala wazi kwenye boti.

Hozi nazo zikague kwa vidole. Ikiwa laini inanata kama ubani uliotafunwa, au imevimba, ethano imeshaila, badilisha kabla vipande vya ndani havijaziba kabureta.

Oili changanya siku ya kutoka, kwa mashine nyingi za 50 kwa 1 ni mililita 400 kwa lita 20, ila fuata kitabu cha mashine yako. Petroli yenye ethano usiilaze zaidi ya wiki mbili, na tenki la boti usiliache nusu, ile nafasi tupu ndo inayotoa jasho usiku. Kama mnapaki kwa ajili ya kusi, weka mashine kwenye pipa la maji, iwashe, chomoa hozi ya mafuta iache iungurume mpaka izime yenyewe, alafu legeza ile skrubu ya kabureta utoe kilichobaki.