Namna ya Kuandika Historia ya Mabasi ya Mji Yaliyokwisha Kufa

Mtu akisimama jioni pale Sabasaba akatazama haisi na bajaji zinavyogombea abiria, atapata taabu kuamini kwamba mpango mkuu wa kwanza wa Makao Makuu, uliotayarishwa na wataalamu kutoka Kanada mwaka 1976, ulikusudia basi liwe uti wa mgongo wa usafiri wa Dodoma, huku wakazi wakienda mwendo mfupi kwa miguu na baiskeli. Mpango huo umehifadhiwa na watu wanausoma hadi leo. Mabasi yaliyowahi kuibeba miji yetu hayakupata bahati hiyo, na anayetaka kuandika habari zake huanza karibu mikono mitupu. Mwongozo huu ni kwa ajili yake, hasa akiwa anaishi hapa Dodoma, mahali ambapo wastaafu wengi wa serikali na wa mashirika ya umma wamehamia na ambapo sehemu kubwa ya karatasi za serikali imewafuata.

Kabla ya kufungua jalada lolote, amua kwanza unaandika juu ya kifo kipi, kwa sababu huduma ya mabasi haifi siku moja. Chukua mfano wa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, ambalo ndilo linalojulikana zaidi. Kampuni binafsi iliyolitangulia, DMT, ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa: UDA ikapewa safari za mjini na KAMATA, kampuni nyingine ya umma ya mabasi, ikapewa safari za mikoani. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu watu binafsi kubeba abiria jijini, nayo UDA ikapoteza ukiritimba wake, lakini jina liliendelea kuwapo kwenye vitabu na ubavuni mwa magari kwa miaka mingi. Mwaka 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi, herufi hizo tatu zilionekana tena ndani ya jina la UDART. Ukimuuliza mzee mmoja UDA ilikufa lini atakutajia mwaka wa njaa ya spea. Mwingine atakutajia siku ambayo basi la mtaani kwake halikurudi tena. Mwanasheria atakuambia haikufa. Wote watatu wanasema kweli. Kwa hiyo gawa daftari lako sehemu tatu tangu siku ya kwanza, moja ya magari, ya pili ya njia, ya tatu ya jina, na kila tarehe utakayoipata iandike mahali pake. Makosa mengi niliyoyaona katika makala za aina hii yametokana na kuzichanganya sehemu hizo.

Kwa upande wa karatasi, fuata njia ambayo mali za mashirika zilipita. Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulisimamiwa na tume iliyojulikana kwa kifupi kama PSRC. Mabaki ya kazi yake yakapokelewa na shirika la umma lililoitwa CHC, kisha yakaishia kwa Msajili wa Hazina, msimamizi wa mali za Serikali katika mashirika. Majalada ya wizara yaliyofungwa hupelekwa katika Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu hapa Dodoma, na yale ya zamani zaidi yako Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Kwa kawaida hati za umma hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30, kwa hiyo mtafiti wa leo anaweza kuomba majalada ya miaka ya 1970 na 1980 pasipo woga. Nenda na barua ya utambulisho, na ukifika usiulize tu jina la shirika. Uliza pia leseni za usafirishaji za mkoa, malalamiko ya nauli na ununuzi wa magari, kwa kuwa basi hutajwa mara nyingi zaidi katika jalada la mtu mwingine kuliko katika jalada lake lenyewe.

Taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge zinahitaji uangalifu wa pekee. Zile za miaka ya karibuni zinasomeka kwenye tovuti ya Bunge, na za zamani huna budi kuziomba. Hotuba ya bajeti ya waziri wa uchukuzi itakupa idadi ya mabasi, na hapo ndipo mtego ulipo: je, ni idadi ya mabasi yaliyopo au ya yale yanayotembea? Basi lililo juu ya mawe nyuma ya karakana, limevuliwa matairi na kung'olewa injini, bado ni mali ya shirika na linahesabiwa. Abiria aliyekuwa akisubiri kituoni hakulihesabu. Tafuta idadi ya magari yaliyotoka asubuhi, na usipoipata, andika waziwazi kwamba idadi uliyonayo ni ya vitabu.

Ukishajua karatasi zinasema nini, ndipo uwaendee watu, na sehemu hii nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo yenye utajiri. Usianze kwa kuwatafuta waliokuwa mameneja. Meneja atakueleza sera, wakati kondakta anajua abiria walipanda wapi, nani alikuwa halipi, na basi lilikuwa likizimika kwenye mlima gani. Ukifika nyumbani kwa mzee wa Kigogo, mbukwenyi yako, yaani salamu ya Kigogo, itangulie, shikamoo ifuate, na kinasa sauti kibaki mfukoni mpaka chai iwe imenyweka na ruhusa imetolewa. Kisha umwombe akueleze siku moja tu ya kazi, tangu alipoamka mpaka alipokabidhi hesabu. Ukimwambia "nieleze historia ya shirika" atakupa hotuba. Ukimwuliza alikuwa akiweka wapi chenji za sarafu, mikono yake itaanza kukumbuka kabla ya kinywa.

Miaka ni jambo gumu. Katika mahojiano yangu ya kwanza nilimwuliza mzee mmoja wa Chang'ombe aliacha kazi mwaka gani, akajibu bila kusita 1979, nami nikaandika hivyo na kujenga juu yake kurasa mbili. Nilipomrudia, akanisimulia kwamba siku ya habari za kifo cha Waziri Mkuu Sokoine yeye alikuwa ndani ya basi, sare mwilini, na abiria walinyamaza mpaka mwisho wa njia. Sokoine alifariki tarehe 12 Aprili 1984. Kurasa mbili zikaenda na maji. Tangu hapo siulizi mwaka, naweka vigingi: Operesheni Dodoma ya 1971 iliyohamishia watu katika vijiji vya ujamaa, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, msako wa wahujumu uchumi wa 1983, mvua za El Nino za 1997 na 1998, ajali ya treni ya Juni 2002 kati ya Igandu na Msagali, ambayo hakuna mkazi wa Dodoma wa umri huo asiyeikumbuka. Mwulize kama jambo lake lilitokea kabla au baada ya kigingi kipi, kisha akutajie mtoto wake wa kwanza alikuwa darasa la ngapi. Majibu mawili yakikubaliana, andika. Yakigombana, andika yote mawili.

Mzee huyo huyo ndiye aliyenionyesha tiketi. Mkewe alikuwa ameihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani: kikaratasi chembamba, rangi imefifia, ukingo mmoja umechanwa na mwingine una tundu la koleo la kondakta. Mbele kulikuwa na namba ya mfululizo na nauli. Nyuma, kwa penseli, mama huyo alikuwa ameandika sukari, sabuni na mafuta ya taa, na bei ya kila kimoja. Nauli peke yake ingeniambia kidogo sana. Ikiwa ubavu kwa ubavu na bei ya sabuni, iliniambia safari ya kwenda mjini ilikuwa na uzito gani katika mfuko wa nyumba. Kwa hiyo ukionyeshwa tiketi, piga picha pande zote mbili, uiache kwa mwenyewe.

Picha za zamani nazo zina lugha yake. Anza na kibao cha namba: herufi SU humaanisha gari ni la shirika la umma, na kibao cha mfumo wa T, tarakimu tatu na herufi tatu ni cha zama hizi, hata kama mwenye picha ameapa kwamba ilipigwa enzi za Mwalimu. Tazama mavazi, matangazo ya ukutani na hali ya barabara. Ukiona watu wameketi wakitazamana kwenye gari la wazi lenye mabenchi, huenda ni chai maharage, usafiri uliookoa watu wakati mabasi rasmi yalipopungua. Usiliweke katika orodha ya magari ya shirika.

Kuhusu sababu za kifo, neno uzembe litakujia haraka mno kalamuni. Uzembe ulikuwapo, wizi pia, lakini yeyote anayeandika juu ya mashirika ya miaka hiyo anapaswa kuweka mezani pia bei ya mafuta iliyopanda mwaka 1973 na tena 1979, gharama za vita, uhaba wa fedha za kigeni uliofanya kifaa kidogo cha injini kisubiriwe kwa miezi, na nauli iliyopangwa na Serikali pasipo kufuata gharama. Mtu akikutajia mwizi kwa jina, usilichapishe kwa sababu tu umelisikia kutoka kwa watu wawili.

Mwisho, itembee njia yenyewe kwa miguu ukiwa na mtu aliyeipanda. Chora ramani kwa mkono, weka kila kituo kwa jina ambalo watu walilitumia, si lile la kwenye kibao cha leo, na pale jina linapotokana na duka, mbuyu au nyumba ambayo haipo tena, eleza hivyo pembeni. Rasimu ikiwa tayari, mrudie kondakta wako umsomee kwa sauti. Wangu alisikiliza kurasa kumi bila neno, kisha akaomba ramani, akaweka kidole kati ya kituo cha tatu na cha nne, akasema, "Hapa tulikuwa tunasimama. Hapakuwa na kituo, lakini kulikuwa na mama mjamzito kila wiki, na dereva alikuwa akisimama." Nikatoa kalamu, nikakiongeza.