Kupima Utofauti wa Mapigo ya Moyo Asubuhi, na Namna ya Kuusoma

Moyo wenye afya haupigi kwa mwendo wa saa ya ukutani. Hata mtu akiwa amelala chali ametulia, muda kati ya pigo moja na lifuatalo hurefuka na kufupika kwa makumi ya milisekunde, kwa kuwa moyo hupokea amri kutoka pande mbili za mfumo wa neva unaojiendesha: upande wa simpathetiki, unaouandaa mwili kwa kazi na hatari, na upande wa parasimpathetiki, ambao kupitia neva ya vagasi huurudisha mwili kwenye utulivu. Neva ya vagasi hulegeza amri yake mtu anapovuta pumzi na kuikaza anapoitoa, na ndiyo maana ukishika mshipa wa kifundo cha mkono huku ukipumua kwa kina unaweza kuhisi mapigo yakiharakisha kisha yakipoa.

Hapa Moshi kipimo cha utofauti huu, ambao hushuka mwili unapochoka, kinawafaa hasa wakimbiaji wanaojiandaa kwa Kilimanjaro Marathon na waongozaji wa wageni mlimani, watu ambao uchovu wao hujilimbikiza bila wao kuutambua. Kifaa kinachoaminika zaidi kwa matumizi ya nyumbani ni mkanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo na kupeleka vipimo kwenye simu. Saa ya mkononi inayotumia mwanga hutosha mtu akiwa ametulia tuli, lakini saa inayotoa alama kati ya 0 na 100 bila kueleza imezipataje, mimi siihesabu kuwa kipimo.

Amka, nenda msalani, kisha pima kabla ya kahawa na kabla ya kufungua ujumbe wowote wa simu. Lowesha elektrodi za mkanda kwa maji, jambo ambalo wengi hulipuuza katika asubuhi za baridi za Julai, ngozi inapokuwa kavu na mkanda ukashindwa kushika vizuri. Keti ukiwa umeegemea au lala chali, ila mkao uliouchagua leo uwe huo huo kesho. Tulia dakika 2, kisha rekodi dakika 5, muda uliopendekezwa kwa vipimo vifupi katika mwongozo wa wataalamu wa moyo wa Ulaya na Amerika Kaskazini wa mwaka 1996. Usizungumze, na upumue kama kawaida yako.

Namba ya kuandika daftarini ni RMSSD, yaani kipimo cha ukubwa wa tofauti kati ya kipindi kimoja cha pigo hadi pigo na kifuatacho. Tuseme vipindi vitano vinavyofuatana ni milisekunde 812, 845, 790, 828 na 861. Tofauti za jirani kwa jirani ni 33, 55, 38 na 33. Zizidishe kila moja kwa yenyewe, tafuta wastani, kisha kipeuo cha pili cha wastani huo, nawe utapata takriban milisekunde 41. Sasa tuseme mkanda umekosa pigo moja tu, hivyo 790 na 828 zikaungana kuwa 1,618: jibu linaruka hadi 625. Kwa hiyo angalia orodha ya vipindi kabla ya kufurahia namba kubwa, na rekodi yenye mapigo mengi yaliyokosekana uifute.

Programu nyingi pia huonyesha uwiano wa LF (mabadiliko ya polepole ya mapigo) kwa HF (mabadiliko ya haraka) na kuuita mizani ya neva. Nashauri uupuuze. Dai ni kwamba LF, yaani mabadiliko ya kati ya hezi 0.04 na 0.15, ni sauti ya simpathetiki peke yake, ilhali anayepumua taratibu mara 6 kwa dakika huhamishia mawimbi ya pumzi yake kwenye hezi 0.1, ndani ya eneo hilo hilo, nayo kwa sehemu kubwa ni kazi ya vagasi. Mtu aliyetulia kabisa ataonekana ana msongo.

Usilinganishe RMSSD yako na ya jirani, maana umri na maumbile huitofautisha sana. Pima kwa majuma mawili upate wastani wako, kisha tazama wastani wa siku 7 unavyosogea. Asubuhi moja ya chini baada ya mbege ya harusini haina la kukuambia usilolijua. Siku nne au tano mfululizo chini ya kawaida yako, mapigo ya utulivu nayo yakiwa yamepanda, ni sababu ya kupunguza mazoezi. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio hupata namba kubwa isiyo na maana ya afya, na anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo hana budi kuzungumza na daktari wake kabla ya kuitafsiri.

Mlimani, vipimo vya kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, visichanganywe na vya nyumbani, kwa kuwa uhaba wa oksijeni huamsha simpathetiki na kuishusha RMSSD hata kwa aliye mzima. Tena, mgeni au mgumu (mpagazi) anayeumwa kichwa na kutapika asizuiwe kambini kwa kuwa namba yake ya asubuhi ilikuwa nzuri, ateremshwe.